Nani Atie Sahihi ya Tingatinga?

Sogezeni vigoda, na atakayejibu kabla sijamaliza hapati kiazi.

Kule Usangi, milima ya Upare, walikuwepo watu watatu. Nakijwa, mjane, alikuwa na sauti ya kumsimamisha mtu aliye ng'ambo ya shamba. Binti yake Mbonea alikuwa na subira isiyoisha. Mzee Senzige, baba mkwe wa Nakijwa, alipiga mluzi uliovuka bonde zima. Tena walikuwa na Tingatinga, mbwa mkubwa kama ndama, aliyeachwa na marehemu mume wa Nakijwa.

Tingatinga hakuwa mkali, ila adabu hakuwa nayo kabisa. Alibomoa uzio, kisha akamvunja mguu mbuzi wa jirani. Mwenyekiti wa kitongoji akaja na askari wa wanyamapori.

"Jumamosi tutamfungua mbele ya mbuzi," alisema mwenyekiti. "Akishindwa kutii, anapigwa risasi papo hapo."

Zilibaki siku sita. Tangu azike mumewe, Nakijwa alipata usingizi pale tu alipomsikia mbwa yule akikoroma mlangoni. Wakimuua, atakuwa amefiwa mara ya pili.

Basi wakamfundisha. Asubuhi Nakijwa alimwambia "Kaa!" Asipokaa, bakuli lilirudi jikoni. Mchana Mbonea alimfundisha kuachia mfupa aliouuma, mara mia, bila kofi hata moja. Jioni Mzee Senzige alipiga mluzi, na kila mbwa aliporudi alimpa kipande cha utumbo.

Kosa lao lilikuwa hili: kila mmoja aliwafukuza wenzake. "Msimchanganye!" Mbwa akazoea kumtii kila mmoja kwa jambo lake tu.

Jumamosi ikafika, mnyororo ukafunguliwa. Tingatinga akalirukia kundi la mbuzi.

"Kaa!" Nakijwa alipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Mbwa akakaa.

Mara mwanambuzi mmoja akashtuka, akapita mbele ya pua yake. Tingatinga akamdaka shingoni. Askari akainua bunduki.

"Achia," alisema Mbonea, polepole, kama siku zote. Mdomo ukafunguka. Mwanambuzi akakimbia mzima.

Lakini watu walishaanza kurusha mawe. Mbwa akaingiwa na hofu, akatimua mbio kuelekea barabarani, na lori lilikuwa linateremka. Nakijwa akafumba macho. Mzee Senzige akapiga mluzi, na Tingatinga akageuka, akarudi miguuni pake akitetemeka.

"Kila alipoambiwa ametii, basi amepona," alisema mwenyekiti. "Ila nataka mwenyewe mmoja. Atie sahihi, akae naye, na mbwa akidhuru mtu, ajibu yeye peke yake."

Mbonea alikuwa anaolewa mbali, Gonja, wiki ile. Mzee aliishi peke yake ng'ambo ya bonde.

"Mama, bila mimi angepigwa risasi," alisema Mbonea.

"Na bila mimi angekuwa chini ya lori," alisema mzee.

"Baba, bila mimi angeshaua nusu ya kundi!" Nakijwa alilia waziwazi. "Na mwanao hakuniachia kingine."

Alijua, hata hivyo, kwamba yeye anaweza kumkalisha tu. Hawezi kumfanya aachie, wala kumrudisha. Na wenzake pia, kila mmoja ana lake moja tu. Askari alikuwa bado amesimama pale, bunduki begani.

Haya, sasa semeni, wakubwa kwa wadogo. Mwenyekiti ameshika kalamu na anangoja. Ungekuwa wewe, ungempa nani?