Mkono wa Rais Pendry

Wahenga hawakuwa na mzaha waliposema usiache mbachao kwa msala upitao. Mbacha ni mkeka mkuukuu, umechakaa pembe zote, lakini ni wako na umekuzoea mgongo. Msala wa mpita njia hupendeza macho, ila mwenyewe akishaswali huukunja akaenda zake. Josiah Pendry, aliyepata kuwa Rais wa Marekani, aliyatambua haya wakati maji yamekwisha kumwagika.

Pendry alizaliwa katika kibanda cha magogo huko Ohio. Alipokuwa wakili asiye na jina katika mji mdogo wa Marlow Creek, yeye na Asahel Tuttle, mkuu wa posta ya pale, walikuwa chanda na pete. Kila Jumamosi walicheza dama juu ya pipa la unga, nyuma ya masanduku ya barua.

"Sogeza kete, wakili wa kuku!" Asahel alimtania. "Mahakamani unasema mpaka majogoo wanasinzia, hapa umekuwa bubu?"

"Nakuhurumia tu, Asa. Nikisogeza utalia."

Pendry alipogombea ubunge, Asahel alimzungusha shamba kwa shamba kwa gari lake la farasi. Lavinia, mkewe Pendry, alipofariki, Asahel alilala sakafuni kwa rafiki yake siku tisa ili mfiwa asiamke peke yake. Hata ulipowadia mwaka wa kugombea urais, alikuwapo. Desturi ilimtaka mgombea atulie barazani kwake, wananchi waje kwa treni kumsikiliza. Walikuja kwa maelfu, wakakanyaga bustani na kung'oa uzio kipande kipande wakaweke kumbukumbu. Kila jioni Asahel alikuja na nyundo kuziba mapengo.

Pendry akashinda, akahamia Ikulu, Washington. Huko sifa zilimlevya. Seneta Vanderhoof, kigogo wa chama, hakumbanduka ubavuni. Siku hizo rais mpya aligawa kazi za posta nchi nzima kwa watu wa chama, na asubuhi moja Seneta alimwekea orodha mezani.

"Marlow Creek naitaka kwa mpwa wangu," alisema. "Yule Tuttle hatufai kitu."

"Tuttle ni rafiki yangu."

"Basi ataelewa. Mheshimiwa, unataka muswada wako upite, au hutaki?"

Pendry alitia saini. Alikusudia kumwandikia Asahel amweleze, lakini aliona haya barua hiyo ipitie mikononi mwa mpwa wa Seneta. Hakuandika.

Enzi hizo, Siku ya Mwaka Mpya milango ya Ikulu ilifunguliwa kwa yeyote aliyetaka kumpa Rais mkono. Mstari ulifika hadi barabarani. Asahel alikuwamo, amesafiri siku mbili, amevaa koti lake la harusi. Zamu yake ilipofika, Pendry alikuwa amemgeukia Seneta, wanacheka. Alinyoosha mkono uliokwisha kuvimba kwa salamu, akasema kama alivyowaambia wote, "Karibu, karibu. Asante kwa kuja."

Mhudumu akamsogeza Asahel mbele. Pendry aliutambua mgongo ule ulipokuwa umefika mlangoni. Angeweza kuita. Lakini Seneta alikuwa hajamaliza kisa chake.

Muhula ulipokwisha, chama kilijitafutia mgombea mwingine, na Vanderhoof akahamia ubavuni mwa huyo. Pendry alishuka katika stesheni ya Marlow Creek peke yake, begi mkononi. Uzio wake ulikuwa na mapengo tena. Kila asubuhi alikwenda posta kuulizia barua, na kila asubuhi mpwa wa Seneta alitikisa kichwa bila kuinua macho. Upweke ulimtafuna jamani, mtu mzima yule! Ilifika mahali akawa anazungumza na saa ya ukutani.

Jumamosi moja alipiga moyo konde, akatia ubao wa dama kwapani, akaenda kwa Asahel. Alilotaka ni moja tu: asamehewe, wacheze kama zamani. Alimkuta barazani, anacheza na mhunzi wa mji.

"Sogeza kete, mponda vyuma!" Asahel alikuwa akicheka. "Au mpaka nikuwashie moto?"

Alipomwona mgeni, kicheko kilikatika. Akasimama, akajifuta mikono kwenye suruali.

"Asa," Pendry alisema. "Nilikukosea. Tangu siku ile sijapata..."

Asahel alimpa mkono. Usoni hakuwa na hasira hata chembe, na hilo ndilo lililomchoma Pendry zaidi.

"Karibu, Mheshimiwa Rais, karibu," alisema, macho yakiwa yamekwisha kurudi kwenye kete. "Asante kwa kuja."

Mhunzi akasogeza kete. Pendry alingoja kidogo, kisha akashuka ngazi na ubao wake kwapani, akarudi kwenye nyumba yenye saa ya ukutani. Kweli, usiache mbachao kwa msala upitao.