Wimbo Mpya wa Bwawa

Paukwa!
— Pakawa!
Wenye masikio wapo?
— Tupo!
Na wenye usingizi?
— Wakalale kwao!

Basi hapo kale palikuwa na bwawa, na bwawa lilikuwa na wimbo wake, kama nchi zilivyo na nyimbo za taifa. Kila asubuhi, kabla ya kunywa, wanyama walisimama wima wakaimba:

Ewe maji, tulikukuta,
ewe maji, tutakuacha,
wanywe na wajao.

Umekwisha, ndio huo. Na ukiimbwa, hakuna kusogea. Nzi akitua puani, mwache atue.

Pimbi, yule mdogo wa mawe, aliupenda kupita wote. Alifundishwa na mama yake, na mama alichukuliwa na tai. Mama alikuwa akilivuta lile neno la mwisho, wajaaao, mpaka wenzake wanacheka. Sasa kila asubuhi Pimbi aliimba, akifika kwenye wajao anamsikia mama, ndipo anakunywa maji.

Siku moja Kiboko, mkubwa wa bwawa, akaibuka, pwaaa!

"Wimbo huu umechakaa! Eti tutakuacha. Nani anaacha? Mimi siendi popote, na maji ni yangu. Tena jina langu halimo!"

Nguchiro, mpenda wakubwa, akadakia, "Kweli, mkuu. Tena unaleta usingizi."

Kobe akasema, "Mimi naona uachwe ulivyo. Ndio tuliozaliwa nao."

"Kimya!" Kiboko akafoka. "Nataka mpya. Atakayeimba wa zamani hanywi hapa. Na atakayesogea kabla wimbo mpya haujaisha, ahame!"

Pimbi akawaza. Sasa sauti ya mama ataisikia wapi? Akasema, "Mkuu, nitautunga mimi."

Kobe akamtazama kwa uchungu. "Hata wewe, mwanangu? Mama yako angesemaje?"

Pimbi akainamisha kichwa, akaenda zake.

Kesho yake jua likiwa utosini, Pimbi akasema, "Mkuu, wewe si wa kusimama kivulini na sisi akina kabwela. Panda juu ya jiwe, uonekane." Kiboko akapanda. Pimbi akapanda naye, maana pimbi na jiwe la moto ni ndugu.

"Kiboko ana tumbo!"
"Tumbo!" wakaitikia wa kivulini.
"Kiboko ana shingo!"
"Shingo!"

Kiboko akatabasamu. Wakasifu jino, wakasifu jino la pili. Wakasifu sikio, wakasifu sikio la pili. Jua likawaka, waa! Ngozi ikaanza kumvuta.

"Pimbi, bado?"

"Bado, mkuu. Tumefika goti la kushoto. Au nisilisifu?"

"Lisifu!"

Wakalisifu. Ngozi ikapasuka, pa!

"Pimbi, bado?"

"Bado, mkuu. Kuna kwato, kuna mkia. Au niuache mkia?"

"Usi... usiuache!"

Pimbi akavuta pumzi, akaanza kwato ya kwanza. Ngozi ikalia, pa! pa! pa! Kiboko hakuweza tena. Akaruka majini, chubwiii!

"Mkuu," Pimbi akasema taratibu, "wimbo haujaisha. Na wewe umesogea."

Wote wakamtazama Kiboko. Kiboko akayatazama maji yake, akayatazama mawe makavu kule ng'ambo.

"Wimbo huo ufutwe," akanong'ona. "Na sheria yake ifutwe."

"Sasa tuimbe upi, mkuu?"

Kiboko akazama mpaka puani. "Ule... ule mfupi."

Wakasimama wima wakauimba. Hata Kiboko aliimba, masikio juu ya maji. Pimbi peke yake hakuweza, alitega sikio tu. Walipofika neno la mwisho, Kobe akalivuta kwa sauti yake mbovu: wajaaao. Hakuna aliyecheka.

Wimbo ukaisha, wanyama wakashuka kunywa. Pimbi alibaki pale pale juu ya jiwe, wima, hajasogea.

Na funzo lake, wanangu: mtiini mkubwa siku zote. Si mmeona ni yeye aliyewarudishia wimbo wao?

Hadithi yangu imeshuka bwawani kunywa. Mwenye kiu aifuate.