Sauti ya Mama na Sauti ya Mgeni

Wapendwa, leo nina mfano. Ukiwauma mniwie radhi, maana hata mimi uliniuma nilipokuwa nautunga.

Kulikuwa na mama mmoja katika kijiji cha walima mpunga, chini ya milima. Tumwite Nakijwa. Mumewe alikuwa kibarua kwenye shamba la mkonge, mbali. Alirudi mwisho wa mwezi, akalala siku mbili, akaondoka. Nakijwa alizaa binti, akamwita Namkunda. Mtoto yule alizungumzishwa jamani! Akiogeshwa anaambiwa, akinyonya anaambiwa, mama akipepeta mchele anamsimulia habari za mchele. Majirani walikuwa wakicheka: "Nakijwa, huyo atakujibu lini?" Namkunda alipofika miezi saba, homa ikamchukua kwa siku tatu tu. Akazaa wa pili, Elieza. Naye akamzungumzisha vilevile, asubuhi hadi jioni. Elieza alifikisha miezi mitano.

Siku ya kumzika Elieza, watu walipokuwa wananawa mikono baada ya chakula cha msiba, mke wa mzee wa kanisa alimvuta Nakijwa pembeni akamshika mabega. Hakuwa mtu mbaya yule mama. Alikuwa analia. Akamwambia, "Mwanangu, Mungu akikupa mwingine, usimzoee. Mlee tu. Ukiwazoea sana ndipo wanapoondoka."

Nakijwa akasema, "Nimesikia, mama."

Na kweli alikuwa amesikia. Wa tatu alipozaliwa, wa kiume, akamwita Sijaona. Akamlea. Tena alimlea vizuri, msije mkanielewa vibaya. Hakukosa siku hata moja ya kliniki. Chanjo zote alipata. Kadi yake ya uzito aliifunga kwenye mfuko wa nailoni isije ikalowa. Lakini neno, hapana. Akimnyonyesha, anatazama ukuta. Akimbeba mgongoni, kimya njia nzima. Aliamini moyoni kwamba ulimi wake ndio uliowaua wale wawili, basi akaufunga.

Na kijiji nacho kilikuwa kimenyamaza. Watu hawakujua waanzie wapi, kwa hiyo hawakuanza. Walipita nje ya nyumba ile wakasema, "Habari za kazi," na kabla hajaitikia walikuwa wameshaongeza mwendo.

Sijaona alipokuwa na miezi minane, watafiti walikuja kwenye zahanati. Walikuwa wanachunguza jinsi ubongo wa watoto wachanga unavyokua. Walikuja na kofia ndogo, laini, imeshonewa vitaa vidogo na nyaya nyembamba. Dada mmoja mtafiti akawaeleza akina mama: vitaa hivi haviunguzi, haviumi. Mwanga wake unapenya ngozi na mfupa mwororo wa kichwa cha mtoto. Sehemu ya ubongo inayofanya kazi huvuta damu, na damu ikiongezeka pale, mwanga unaorudi hubadilika, nayo mashine inachora mstari. "Mmewahi kuziba tochi kwa kiganja?" akawauliza. "Si mnaona wekundu unapita kwenye nyama? Basi, ni jambo la namna hiyo."

Nakijwa alikwenda kwa sababu moja. Mtoto wake hakuwa akigeuka yeye anapoingia ndani. Aliogopa kuwa ni kiziwi.

Kwanza wakataka kurekodi sauti ya mama mwenyewe. Yule dada akamwekea kinasa sauti karibu na mdomo. "Mama, mwambie mtoto maneno kidogo, kama unavyomwambia nyumbani."

"Nyumbani simwambii kitu."

Dada akacheka, akidhani ni utani. Alipomtazama usoni akaacha kucheka. Akamwandikia sentensi mbili kwenye karatasi, na Nakijwa akazisoma kama mtu anayesoma tangazo la serikali ya kijiji: "Mtoto mzuri, uko wapi. Mama yupo hapa."

Kisha wakamvika Sijaona kofia, akiwa mapajani kwa mama yake. Kijana mwingine akapuliza mapovu ya sabuni hewani ili mtoto atulie. Nakijwa akaombwa asiseme neno lolote wakati wa kipimo. Hilo halikumsumbua. Kutoka kwenye spika ndogo ikaja sauti ya mwanamke ambaye mtoto hakuwahi kumsikia: Mtoto mzuri, uko wapi? Mama yupo hapa. Kimya. Kisha ikaja sauti ya Nakijwa. Kimya. Kisha mgeni tena. Hivyo hivyo mpaka wakamaliza.

"Anasikia?" Nakijwa akauliza.

"Anasikia vizuri kabisa, mama. Njoo uone. Sauti ikianza, mstari unapanda."

Nakijwa akashusha pumzi aliyokuwa ameishika wiki nyingi. Akasogea kwenye kioo cha mashine. "Huu mstari ni wa sauti ya nani?"

"Ya yule mama mwingine, mgeni."

"Na huu?"

"Yako."

Nakijwa aliishia darasa la tano, lakini mistari ile haikuhitaji shule. "Mbona imelingana?"

Dada akashusha sauti. "Mama, hii ni kazi ya utafiti, si kipimo cha ugonjwa. Kwa mtoto mmoja, siku moja, hatuwezi kuamua kitu. Pengine alikuwa na usingizi."

"Sikuombi uamue. Nauliza tu, hao watoto wengine mliowapima, nao imelingana?"

"Wengi wao," dada akasema polepole, "hapana."

"Kwa hiyo mimi kwake ni mgeni."

Dada akamvua mtoto kofia taratibu. Vitaa vilikuwa vimeacha viduara kwenye nywele zake laini, na Nakijwa akavipapasa kimoja kimoja kwa kidole. Ilikuwa mara ya kwanza kumgusa mwanawe bila kumwosha, kumlisha wala kumfunika.

Njiani alipita kando ya mfereji wa maji ya mpunga. Hapakuwa na mtu. Akaketi kwenye majani, akampakata mtoto amwelekee, akafungua mdomo. Maneno hayakuja. Akajaribu tena. Mtu akikaa miezi minane bila kusema na mwanawe, wapendwa, anaanza na neno gani?

Akasema, "Mimi... mimi ndiye mama yako."

Sijaona akamkodolea macho. Akautazama mdomo ule ukicheza, uso ule aliouona kila siku tangu azaliwe, akakunja midomo, akaanza kulia. Alilia kama mtoto anavyolia akipakatwa na mtu asiyemjua.

Nakijwa hakuacha. Akaendelea kusema huku mtoto analia, na yeye analia. Akamwambia, "Ulikuwa na dada. Aliitwa Namkunda. Alipenda maji ya kuoga yawe ya vuguvugu. Ulikuwa na kaka, Elieza, alikuwa na nywele nyingi kuliko wewe." Majina hayo hayakuwahi kutoka kinywani mwake tangu makaburi yalipofunikwa. Hakuna mtu aliyewahi kumwuliza.

Miezi mitatu baadaye watafiti walirudi. Kofia ikavishwa, sauti zikapigwa. Mngependa niwaambie kwamba mstari wa mama ulipaa juu, na watu wote wakashangilia, sivyo? Haukupaa. Ulipanda kidogo juu ya ule wa mgeni, kidogo sana, hata dada ilibidi amwonyeshe kwa ncha ya kalamu.

Nakijwa akautazama. Kisha akauliza, "Ile miezi minane ya mwanzo, inarudi?"

Yule dada alikuwa mtu mkweli. Akamwambia, "Sijui, mama. Hicho ndicho tunachokitafuta."

Nakijwa akaitikia kwa kichwa, akambeba mwanawe, akaenda zake.

Sasa, wapendwa, naziona nyuso zenu. Mmeshamhukumu. Mnasema mioyoni, mama gani huyu? Mama gani anayemnyima mwanawe hata neno? Nami nawauliza ninyi: unyamavu ule ulitoka wapi? Aliuzaa yeye? Si alipewa, siku ya msiba, na mtu wa kanisa, kwa machozi na mkono begani? Na baada ya mtu yule mmoja kusema neno moja baya, wengine wote tulisema nini? "Habari za kazi."

Tulikwenda kuzika, ndiyo. Tulibeba jeneza dogo, tukaimba, tukala wali wa msiba. Siku ya tano nani alirudi? Mwezi wa pili nani aligonga mlango? Nani alimwambia Nakijwa, "Nisimulie habari za Elieza, alikuwa mtoto wa namna gani?" Tuliogopa kumtonesha. Hivyo ndivyo tunavyojisingizia. Ukweli ni kwamba tulijihurumia sisi wenyewe, hatukutaka kumwona akilia mbele yetu. Tukamwacha na ukuta, naye akamfundisha mwanawe ukuta.

Tena niwaambie linaloniogopesha mimi mchungaji wenu. Kama leo kofia ile angevishwa Nakijwa, zikapigwa sauti zetu, ya mwenyekiti wa umoja wa wanawake, ya kwaya, na hii yangu inayowasemesha kila Jumapili, mnadhani mstari ungepanda zaidi ya ule wa mpita njia? Tunamwita "dada katika Bwana". Yeye anasikia nani?

Miezi tuliyonyamaza sijui kama inarudi. Sitawadanganya kutoka madhabahuni kwamba inarudi yote.

Lakini ibada ikiisha, usipite moja kwa moja kwenda nyumbani. Kuna mlango unaoujua. Wewe unaujua, na mimi nina wangu. Aliyemo humo alizika mtu, na wewe ulikuwepo, na tangu siku ile hujawahi kulitaja jina la marehemu wake mbele yake. Nenda. Bisha hodi. Ukikaribishwa, keti. Litaje lile jina. Sauti yako itatetemeka, na huenda akakutazama kama mgeni, huenda akalia.

Usiondoke.