Ua wa Masale Kambini kwa Aikande

Jumamosi ya tarehe 14 Juni, saa mbili asubuhi, sufuria ya makande ilipinduka katika kambi ya mahema ya Aikande Mosha, kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Mpishi wa kwaya iliyotoka Dar es Salaam alijikwaa kwenye kamba ya hema la familia ya Arusha. Mwenye hema alisema kamba iko kwake. Mwenye sufuria alisema kamba ndiyo iliyomfuata jikoni. Kabla ya saa nne pande zote mbili zilikuwa zimefungasha na kuondoka, na Aikande alibaki akiokota mahindi kwenye nyasi.

Aikande alikuwa mjane wa miaka sitini na sita, hakujaliwa mtoto. Kambi yake ilikuwa na viwanja kumi na viwili vya mahema, na kati ya kimoja na kingine hapakuwa na kitu. Mchana huo aliwaita watu watatu aliofanya nao kazi. Akasema mbele ya shemeji yake, mkubwa wa ukoo:

"Nataka ua kati ya viwanja. Ua wa kumaliza ugomvi bila kunifukuzia wageni. Atakayenipa ua huo kabla ya Pasaka, nampa ile pembe ya juu ajenge nyumba yake."

Pembe yenyewe imebanwa na mfereji upande huu na korongo upande ule. Inatosha nyumba moja, mbili haziingii. Shemeji aliitikia kwa niaba ya ukoo, na neno likawa neno.

Wa kwanza kati ya watatu hao alikuwa Kilawe, mtoto wa nduguye marehemu mume wa Aikande. Alikuwa mtoto wa kati. Kwa desturi ya huko, kihamba, yaani shamba la migomba la ukoo, humwendea mzaliwa wa kwanza na wa mwisho. Wa kati hujitafutia. Kipaji cha Kilawe kilikuwa mkono: akichomeka fimbo ardhini, fimbo inachipua.

Wa pili alikuwa Namsifu, Mpare, mpishi wa kambi. Alipanga chumba kimoja Moshi mjini, yeye na binti yake, na kila siku alipanda mlima alfajiri. Kipaji chake kilikuwa jicho: alijua mgeni ataweka jiko wapi kabla mgeni hajashuka garini.

Wa tatu alikuwa Bura, mlinzi, mtu wa Mbulu, mwenye maneno machache. Miaka kumi na moja alilala kwenye kibanda cha getini. Kipaji chake kilikuwa kutochoka. Aikande alizoea kusema kwamba Bura akianza kuhesabu mchanga, utakaokwisha ni mchanga.

Mvua za vuli zilipoanza, Kilawe alikata mashina ya masale, ile mimea ya majani marefu ya mlimani, yenye urefu wa kifua, mia tatu na arobaini, akayachomeka bega kwa bega kuzunguka kila kiwanja, akiacha upenyo mwembamba nyuma tu. Namsifu alimtazama akiwa na mwiko mkononi.

"Mchaga hata kwenye hema anaweka mpaka!"

"Na nyie Wapare mpaka usipokuwepo, mnashtakiana kwa ajili ya kivuli," Kilawe alijibu, bila kuinua kichwa.

Mashina yote yalishika. Hakuna lililokufa.

Kosa lilionekana Krismasi, Wachaga waliporudi nyumbani kutoka kila mji. Huko sale ndilo alama ya mpaka wa shamba, na mpaka wa sale hauvukwi. Watu wa ukoo walisimama barabarani wakaona kihamba cha marehemu, palipo kambi, kimekatwa vipande kumi na viwili. Shemeji aliingia na wenzake watano, kofia mkononi.

"Shemeji, umeuza?"

"Nimeuza nini?"

"Haya masale yanasema umeuza. Vipande kumi na viwili!"

Wageni waliozaliwa mlimani hawakuvuka masale hata kwenda chooni. Walizunguka kambi nzima, wengine wakikimbia. Siku ya tatu waliondoka.

Kilawe alikiri kosa, lakini kung'oa hakuweza. "Sale haling'olewi, mama mkubwa. Mkono unakataa."

"Wangu haukatai," Namsifu alisema. "Nipe jembe."

Namsifu alifanya kazi hiyo Januari yote. Mbele ya kila kiwanja aliung'oa ua wote, kiwanja kikabaki wazi kama kiatu cha farasi. Baina ya majirani aliacha pengo lenye upana wa mtu aliyebeba sinia, naye alilipima kwa sinia lake mwenyewe. Mashina aliyong'oa aliyapanda upya pale alipojua kamba za mahema zitafika, mtu asije akajikwaa. Shemeji aliitwa. Aliutazama ua, akapita kwenye pengo la kwanza, akarudi, akapita tena.

"Mpaka wenye mlango si mpaka," alisema. "Huu ni ujirani."

Lakini mizizi ilikuwa imeguswa, na kiangazi kikaja. Zamu ya mfereji ilikuwa mara moja kwa wiki, na maji hayo yalitosha migomba tu. Majani yakaanza kuwa ya njano. Kilawe alishika kiuno. 

Bura aliingia kazini. Aliweka beseni kila kiwanja, akawaomba wageni waogee humo. Asubuhi na jioni alikusanya maji waliyoogea watu na waliyooshea vyombo, akamwaga kopo moja kwenye kila shina. Mashina mia tatu na arobaini, majuma manane. Kisha alichukua kigoda na panga. Alikaa, akatazama, akasimama, akatazama, akakata. Ua ukawa na kimo kimoja: ukikaa uko kwako, ukisimama unamsalimia jirani.

Pasaka, kwaya ilirudi. Familia ya Arusha nayo ilirudi. Aikande aliwapa viwanja viwili vinavyopakana, akaenda kujifanya anapalilia karibu.

"Ni nyinyi?" mwenye hema aliuliza, akichungulia juu ya ua.

"Ni sisi. Kamba zenu ziko wapi mwaka huu?"

"Ziko kwetu. Na makande?"

"Yako kwetu. Leta sahani."

Sahani ilipita kwenye pengo. Siku tatu hapakuwa na neno baya, na wote waliomba nafasi za Desemba.

Basi watatu wakamwendea Aikande.

"Mama mkubwa, bila mimi wangegawana hewa," Kilawe alisema. "Ua ni miti, na miti nimepanda mimi."

"Ulipanda ukafukuza wageni, mwanangu," Namsifu alisema. "Dada, ulisema ua usiofukuza wageni. Huo niliutengeneza mimi."

Wakamgeukia Bura.

"Mimi nimekuta ua unakufa," Bura alisema. "Sasa haufi."

"Huyu leo kaongea sentensi mbili!" Kilawe alisema, wakacheka wote wanne, kisha kicheko kikakatika, kwa sababu pembe ilikuwa ile ile moja.

Aikande aliomba siku moja. Hakulala vizuri. Aliwapenda wote, na alijua kwamba atakayemchagua atawafanya wawili waliobaki wajiulize walikuwa nani kwake.

Jumatatu ya Pasaka, saa tano asubuhi, alikwenda kwenye ua akakata majani mawili ya sale. Kwa Wachaga, anayekujia na jani la sale anakuomba radhi, na huwezi kumkatalia. Alikata mawili kwa kuwa watu wawili watakosa. Aliwakuta jikoni wanamenya ndizi, Kilawe akimkosoa Namsifu, Namsifu akimwambia ashike kisu yeye. Bura alimsogezea Aikande kigoda. Hakukaa. Majani yalikuwa mkononi mwake.

Hadi hapo ndipo habari ilipotufikia. Yaliyobaki tunawaachia ninyi mliosikiliza: mngekuwa mmesimama mlangoni hapo, majani hayo mawili mngewapa akina nani?