Amri ya Miguu kwenye Ardhi ya Maji

Hebu jengeni picha hii vichwani mwenu, mabibi na mabwana. Askari wawili wenye masharubu, jasho linawachuruzika, wameshikana mikono wakafanya kiti. Juu ya kiti hicho kakaa mwanamke mnene, anajipepea kwa upindo wa kanga na kuwaambia, "Polepole, wanangu, msije mkanimwaga." Mmemwona? Basi tumfuate alikotoka.

Palikuwa na liwali mmoja, Liwali Muhidini, aliyekabidhiwa na Sultani chemchemi, bwawa na msitu wote unaolizunguka, ili mji upate maji safi. Kazi nzuri. Ila alipokwisha kuitwa Bwana wa Maji mara mbili tatu, kichwa kikamvimba. Akapiga mbiu: "Mguu wa raia usikanyage ardhi ya maji! Raia wanachafua. Atakayekutwa ndani aondolewe papo hapo!"

Sasa, katikati ya msitu ule ilipita njia, kongwe kuliko Liwali na babu yake. Upande huu Mtondooni, upande wa pili Mikadini. Kwa njia ile ungebeba uji wa moto ukafika haujapoa. Kwa kuzunguka mlima, ungetoka alfajiri ukafika watu wanafunga milango.

Na Mikadini ndiko alikoolewa Riziki, binti pekee wa Bi Mize, msuka mikeka wa Mtondooni. Riziki alikuwa na mimba ya kwanza, siku zake zimekaribia, na alikuwa mwoga.

"Mama, usipokuwepo sizai," alimwambia.

"Utazaa tu, mwanangu, hilo halisubiri mtu. Lakini nitakuwepo."

Basi Bi Mize akaenda kumtazama. Akafika kwenye uzio wa miiba, akausogeza kando, akaingia. Alipokwisha kupita nusu ya msitu, akasikia kelele. Ni askari wa Liwali, Shomari na Makame.

"We mama! Simama!"

"Nimesimama."

"Ondoka haraka!"

"Kwa kutumia nini?"

"Miguu yako!" Shomari akafoka.

"Miguu hii hii iliyokatazwa? Liwali kasema isikanyage, wewe wasema ikanyage. Haya, nani mkubwa, wewe au yeye?"

Shomari akamtazama Makame. Makame akatazama vidole vya Bi Mize, kana kwamba jibu liko huko.

"Nibebeni nyinyi," Bi Mize akawashauri kwa upole. "Miguu yenu ina ruhusa."

Wakambeba. Na kwa kuwa alikwisha kupita nusu, uzio wa karibu ulikuwa wa Mikadini. Wakamtua hatua chache kutoka kwa bintiye. Jioni akarudi kwa usafiri ule ule.

Siri kama hiyo haikai. Haukupita muda, watu wa pande zote mbili wakawa wanavuka nusu ya msitu, wanakaa kitako na kuita, "Askari! Tumeshakosa huku, njooni!" Akabebwa mwalimu wa chuo cha Kurani na kofia yake. Akabebwa bibi harusi, na wapiga ngoma wakabebwa nyuma yake wakipiga. Makame akawa hawezi kuinama kufunga kiatu.

Liwali alipopata habari, kikombe kilimponyoka. "Huyo Mize akirudi, mleteni kwangu!"

Asubuhi moja ikaja habari: Riziki kashikwa na uchungu. Bi Mize akaacha ukili wa mkeka chini, akakimbia. Wakamkamata, wakamfanyia kiti, lakini safari hii hawakuelekea Mikadini. Walimpeleka barazani kwa Liwali, kando ya bwawa, wakamtua mkekani huku wakihema.

"Wewe ndiye uliyewafanya askari wangu punda?"

"Shikamoo, bwana. Aliyewafanya punda ni amri yako. Mimi nilipanda tu."

Shomari akakohoa kuficha kicheko.

"Miguu ya raia inachafua maji!"

"Na ya askari?"

"Askari wameapishwa."

"Wameapishwa au wameoshwa?"

Bi Mize akanyoosha kidole kwenye ukingo wa bwawa. "Na yule punda wako anayelowesha kwato pale, bwana, aliapa kwa lugha gani?"

"Nyamaza! Unataka nini?"

"Njia yetu. Ipite pale pale pa zamani, mbali na ukingo. Mchana tu. Pasiwe na kufua, wala kuoga, wala kunywesha mifugo. Ndio kanuni yote."

"Na nani ataisimamia?"

"Sisi tunaoyanywa maji haya. Mji mzima una macho, wewe una Shomari na Makame, na Makame mgongo umekwisha. Bwana, mwanangu anazaa. Nipitishe."

Liwali akapandwa na hasira. "Ardhi ni yangu! Na kuanzia sasa hakuna kubebwa! Raia atakayekamatwa humu hatakwenda mbele wala nyuma. Atakaa palepale alipokamatwa!"

Bi Mize akatazama upande wa Mikadini. Kisha akavua viatu, akaviweka pembeni ya mkeka wa Liwali, akanyoosha miguu.

"Hapa hapa, bwana?"

"Hapo hapo!"

"Na Mtondooni wote wako njiani wanakuja kukamatwa. Wazee, watoto, wapiga ngoma. Tutakaa sote?"

"Nyote! Mpaka muote mizizi!" Liwali akanyanyua kikombe cha maji ya bwawa lake, apoze koo.

"Tumekubali," akasema Bi Mize, kwa sauti ya kumbembeleza mtoto. "Ila unapokunywa, bwana, nakuomba ukumbuke kitu kimoja tu: mpita njia, choo chake kiko kwao."