Kiboko Alazwa Siku ya Ukaguzi

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa zahanati.
Ina dawa?
Siku ya mgeni inayo. Haya, tulieni.

Serikali ya Simba ilikuwa ikileta dawa kijijini, na Mwenyekiti Kiboko ndiye aliyekuwa akizipokea. Za kikohozi zina utamu, akazinywa mwenyewe. Za homa akazificha kwake, awauzie wenye shida. Chupa tupu akazijaza maji ya mto.

Siku ya ukaguzi Kiboko akanguruma, "Jamani, tusijiaibishe mbele ya mgeni!"

Basi, kama ilivyo desturi ya kuipamba zahanati tupu mgeni akija, Ngiri akaleta kitanda chake. Digidigi akaleta shuka lake. Pimbi, mdogo kuliko wote, akaleta godoro lake. Juu ya godoro hilo alikuwa amelala mwanawe mwenye homa. Pimbi alimlaza mtoto sakafuni, akabeba godoro. Njia nzima aliona aibu, hata macho hakuinua.

Alipolitandika, akamwendea Kiboko.

"Mwenyekiti, nasikia kiongozi anayetibiwa kwenye zahanati yake hupandishwa cheo."

"Wee! Kweli?"

"Lala tu, ugue kidogo."

Kiboko akajitupa kitandani, puu! Kitanda cha Ngiri kikalia, kriiich! "Aaah, homa! Nakufa mie!"

Mara Mkaguzi Korongo akatua, pa-pa-pa. Wanyama wakamwimbia, wakamchezea ngoma. Akaingia ndani.

"Huyu ana nini?"

"Homa, Mheshimiwa," akasema Pimbi. "Na dawa ya homa ni hii." Akaitikisa chupa, chubwi-chubwi.

"Mpe anywe."

Kiboko akafumba mdomo.

"Kunywa, Mwenyekiti," Korongo akasisitiza.

"Sinywi!"

"Kunywa, cheo hicho," Pimbi akamnong'oneza.

"Sinywi! Hayo maji ya mtoni, nimeyachota mwenyewe pale ninapojisaidia! Dawa yenyewe iko kwangu, uvunguni!"



Dawa zikaletwa mbio, mtoto wa Pimbi akanywa. Ndipo Korongo akauliza, "Na vitu hivi ni vya nani?"

Ngiri akachukua kitanda chake. Digidigi akachukua shuka lake. Pimbi akachukua godoro lake. Kila mmoja alitazama miguu yake mwenyewe. Korongo naye aliona haya, maana kila mwaka alikuwa akilisifu godoro lile lile.

Hadithi yangu imefika. Ikiwa tamu, ilambeni. Ikiwa chungu, imezeni hivyo hivyo. Funzo lake? Mgeni wa serikali akija, fagieni, tandikeni, imbeni kwa nguvu. Na mkitaka kuugua, basi ugueni siku ya ukaguzi.