Haki ya Mwenye Nguvu

Zamani za wafalme, Mfalme Shungwa, mwembamba kama mswaki, aliutaka mji mdogo wa Kibunju umkabidhi kisima chake cha pekee. Watu wa Kibunju wakamtuma Bi Mize akawasemee.

“Mwenye nguvu huchukua, mnyonge huachia,” mfalme akamwambia. “Ndiyo haki baina ya nchi na nchi.”

“Kweli tupu, bwana mkubwa,” Bi Mize akajibu kwa unyenyekevu. “Ila watu wangu ni wabishi. Itangaze mbele ya jeshi lako, wasikie wote.”

Mfalme akasimama, akaitangaza kwa kishindo.

Bi Mize akamgeukia jemadari, pande la mtu kama kabati. “Umesikia, baba? Kiti kile kitakuenea kweli?”

Jemadari akakisogelea kiti cha enzi, akaanza kukipima kwa shubiri.

“Natengua!” mfalme akapiga ukelele. “Kila mtu na chake! Kisima ni chao!”